Muzee Gaspari Kwenye Meza ya Komunyo

Vijana wangu, juzi mulinikuta nikipita karibu na kanisa, mukaniuliza namna ya kutoa nta ya mushumaa kwenye kitambaa cha altare. Niliwajibu haraka haraka kwa sababu jua lilikuwa kali na magoti yalikuwa yananiuma. Leo nimekaa, chai yangu iko hapa, niwajibu vizuri. Musikwangue nta ingali ya moto, itaingia ndani ya uzi. Iacheni igande, muivunje kwa ukucha polepole, kisha muweke karatasi juu na mupitishe pasi ya makaa. Karatasi itainywa nta yote. Na mbele ya kushika pasi, angalia chini yake kama hakuna majivu, ama utapiga muhuri mweusi kwenye kitambaa cheupe, kama mimi nilivyofanya siku moja kabla ya Pasaka.

Hayo sikuyasoma katika kitabu. Alinifundisha Muzee Gaspari, katekista mukubwa wa parokia yetu ya zamani, ile iliyokuwa kwenye njia ya Sake, mbele ya kufika Lac Vert. Mimi nilikuwa sakristani pale, ni kusema mutu wa kutunza vyombo vya kanisa: kengele, divai, mishumaa, nguo za Padri. Nikianza kusema habari ya pasi siwezi kuacha kusema habari ya Gaspari, na nikimutaja Gaspari inabidi nimutaje Padri Alfonsi. Watu wawili hao ndio waliokuwa parokia yetu. Walipoachana, parokia nayo ilianza kufa.

Kanisa lile mumeliona. Sasa ni nyumba ya mawe meusi yenye paa lililotoboka, mbuzi wanalala kwenye ngazi. Zamani zile, miaka ya kati ya hamsini na sitini, siku ya Mungu ulikuwa ukichelewa kidogo unasali ukiwa nje. Watu walitoka Keshero, walitoka Kituku na harufu ya samaki mikononi, walishuka kutoka vilima vya upande wa Masisi na watoto mugongoni. Mawe yale waliyabeba wao wenyewe kichwani, kwa sababu Gaspari alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kuwaomba. Padri Alfonsi alichora kanisa kwenye karatasi, Gaspari alileta watu. Padri hakulisahau jambo hilo. Alikuwa akisema mbele ya wageni, "Huyu ni mukono wangu wa kuume," na Gaspari alikuwa anaangalia chini kama bibi-harusi.

Padri Alfonsi alikuwa mutu murefu, ndevu mupaka kifuani, mutu wa Bulaya aliyejua Kihunde kidogo na Kiswahili cha kupindapinda. Alikuwa mukali. Lakini mama akiugua huko juu, alipanda mulima kwa miguu na mvua ikimupiga. Siku moja homa ilimushika mwenyewe, akawa anasema maneno ya kwao peke yake kitandani. Gaspari alikaa karibu naye mupaka homa iliposhuka, akimulisha uji na kijiko. Padri alipopona alimuambia, "Gaspari, ulinilisha kama mutoto." Gaspari akamujibu, "Mompere, mutoto hana ndevu za kuchafua shuka." Padri alicheka mupaka akakohoa. Mompere, ndivyo tulivyowaita mapadri zamani zile.

Katika kazi yangu nilikosea sana, nisiwafiche. Siku kuu yangu ya kwanza niliweka katika chetezo makaa ambayo hayakuchomwa vizuri, ndani yangali mbao. Padri alipotia ubani, moshi ulitoka kama wa nyumba inayoungua. Yeye yuko anaimba Kilatini, machozi yanamutoka, waimbaji wanakohoa moja kwa moja. Gaspari alitoka mahali pake bila haraka, akanipokonya chetezo, akakichukua nje akikipeperusha kama vile ni sehemu ya ibada. Wazee walifikiri ni namna mupya ya Misa. Baada ya hapo alinipeleka nyuma ya jikoni, akanionyesha: piga kaa moja na lingine. Likilia kama chuma, limeiva. Likilia kama kuni, uliache. Mupaka leo sijasahau, ijapokuwa siku hizi mutoaji wa ubani ananunua makaa ya duara kutoka dukani, yanashika moto kwa kiberiti kimoja.

Hostia, ile mikate myembamba ya komunyo, vilevile tulipika wenyewe, kwa chuma kirefu chenye vichwa viwili. Za kwanza nilizounguza Padri alizitazama, akaniambia, "Kula mwenyewe na kahawa." Siri ni kuacha unga upumzike na kutopaka mafuta mengi. Lakini basi, nisipotee katika unga.

Mugawanyiko ulianza na habari ya masomo. Leta, ni kusema serikali, ilifungua shule mujini, shule isiyokuwa ya mapadri. Kule watoto waliingia na kuanza Kifaransa mapema, na kila muzazi alijua kwamba mutoto mwenye Kifaransa anaweza kuwa karani, akakaa kwenye kiti na kuvaa soksi. Katika shule yetu ya misioni walijifunza sala, hesabu kidogo, na kulima shamba la Padri. Watu wakaanza kupeleka watoto mujini, wachache kwanza, kisha wengine. Padri Alfonsi alilichukua jambo hilo kama kofi. Siku moja ya Mungu alipanda mimbari, akasema: muzazi anayepeleka mutoto kwenye masomo ya Leta hatapata komunyo hapa mupaka amutoe.

Muelewe vizuri, vijana. Leo Padri akikunyima jambo unaenda parokia nyingine na pikipiki. Zamani zile kunyimwa komunyo mbele ya watu ilikuwa kama kuvuliwa nguo. Na nyumba nyingi zilisimama katika kiwanja cha misioni. Padri alikuwa na roho yako na ukuta wako pia.

Baada ya Misa ile, nikiwa ninakunja nguo zake, alimuita Gaspari katika sakristia. "Wewe unajua kila nyumba," akamuambia. "Utasimama karibu nami saa ya komunyo. Akija mutu wa namna hiyo, utanipa ishara."

Mimi nilijifanya ninatafuta pini.

"Mompere," Gaspari akasema, "watu hawa niliwafundisha kupiga ishara ya musalaba. Wengine nilishika mukono wao. Siwezi kuwaonyesha kwa kidole."

"Wewe si katekista wangu?"

"Niko katekista wako. Ndiyo maana ninakuambia hapa ndani, si mbele ya watu."

Padri alifunga mulango wa kabati kwa nguvu, vichupa vya divai vikagongana. "Basi nitajua mwenyewe," akasema.

Na alijua. Asubuhi alisimama kando ya barabara na kitabu chake cha sala, akiangalia watoto wanaoelekea mujini na mabegi yao ya kitambaa.

Siku ya Mungu iliyofuata kanisa lilijaa kuliko kawaida, watu walikuja kuona. Wakati ule komunyo ilipokelewa kwa magoti, kwenye meza ndefu ya mbao iliyotenga altare na watu, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Padri alipita akiweka hostia katika ulimi, na mimi nilimufuata nikishika kisahani cha dhahabu chini ya kidevu cha kila mutu, ili kipande kisianguke. Kazi hiyo inataka utembee kinyumenyume bila kuangalia miguu. Ukiangalia miguu, kisahani kinainama.

Tulianza upande wa wanaume. Mahali pa Gaspari, pa kwanza kabisa, palikuwa wazi. Nikafikiri anaugua. Tukavuka upande wa wanawake. Kule palikuwa bibi ya dreva mumoja wa kamyo, mama mutulivu, anayefagia kanisa kila siku ya posho, kabla ya siku ya Mungu. Mutoto wake alikuwa masomoni mujini. Aliinua uso, akafungua kinywa. Padri alimupita. Mimi kisahani changu kilikuwa tayari chini ya kidevu chake, na nikakiondoa, na kinywa chake kikabaki wazi. Yule wa pembeni naye alipitwa. Na wa tatu.

Na baada yao, katikati ya wanawake, na koti lake jeusi la siku ya Mungu, alikuwa amepiga magoti Muzee Gaspari. Hakuwa na mutoto katika masomo ya Leta. Hakuwa na mutoto kabisa, Mungu hakuwapa yeye na Mama Veronika.

Padri alisema maneno yake ya Kilatini, akashusha hostia. Gaspari hakufungua kinywa. Alimuangalia, akasema kwa sauti ya chini, kama mutu anayemukumbusha mwenzake kofia yake:

"Mompere, rudi nyuma kidogo. Umesahau watu."

Nilikuwa karibu kuliko wote. Kwa kitambo nilifikiri atarudi. Nasema ukweli, mwili wake uligeuka kidogo kule alikotoka. Lakini kanisa zima lilikuwa linaangalia, na mukubwa akiangaliwa namna ile ni vigumu kurudi nyuma. Aliirudisha hostia katika kikombe, akaendelea na mutu anayefuata.

Siku hiyohiyo alimuambia Gaspari atoe vyombo vyake katika nyumba ya katekista. Alimunyang'anya pia kinga, ile baiskeli ya misioni aliyopandia kwenda vilimani. Gaspari hakubishana. Alikuja na funguo zote, akazipanga juu ya meza moja moja, akieleza: hii ya shule, hii ya gala, hii inakwama, lazima uivute kwanza. Padri alisimama dirishani akimupa mugongo.

Mimi nilikuwa na hasira ya kijana. Nilimukuta Gaspari anafunga mikeka yake, nikamuambia, "Muzee, na mimi ninaacha kazi. Tutaondoka pamoja."

Alinikemea. "Na alba yake itafuliwa na nani? Unafikiri anajua hata kuwasha pasi? Wewe ubaki. Mutu akibaki peke yake na hasira yake anaharibika."

Basi nikabaki. Wengine waliniita mutu wa Padri, na wakinikuta njiani walinyamaza. Niliwazoea.

Gaspari na Mama Veronika walihamia Kituku kwa ndugu za mama, karibu na mitumbwi ya wavuvi. Alijifunza kushona nyavu akiwa muzee, vidole vimejaa vidonda. Watu wengi walimufuata kule wakimuambia, "Tuongoze, twende kwa Waprotestanti," au, "Twende sisi sote kwa Padri wa mujini, yeye haulizi habari ya masomo." Kanisa la mujini lilikuwa jipya, lilikuwa na taa za umeme. Gaspari aliwajibu kwamba hakuna mutu wa kuwazuia. Wakaenda. Yeye hakwenda. Kila siku ya Mungu alipanda kutoka Kituku kwa miguu, akakaa benchi la mwisho karibu na mulango, akaimba nyimbo zote, na saa ya komunyo alibaki amekaa.

Hivyo ndivyo kanisa linavyokwisha, vijana wangu. Hakuna mulio. Siku moja unapika hostia, zinabaki. Unapunguza unga, zinabaki tena. Waimbaji wa sauti ya chini wanaondoka na unasikia wimbo umekuwa mwembamba. Padri Alfonsi naye, kadiri watu walivyopungua, ndivyo alivyohubiri kwa nguvu. Alipiga mimbari akiwakemea walioondoka, na waliokuwa wanamusikiliza ni sisi tusioondoka. Siku moja mbuzi aliingia katikati ya mahubiri, akasimama kwenye njia ya katikati akimuangalia. Zamani watu wangecheka. Siku ile hakuna aliyecheka, Padri mwenyewe akashuka bila kumaliza.

Nilimuambia Gaspari siku moja, tukiwa tumekaa juu ya mutumbwi uliopinduliwa. "Muzee, yule bibi ya dreva anapokea komunyo mujini kila siku ya Mungu. Na wale wengine pia. Wamekwisha kusahau. Wewe unajinyima kwa ajili ya watu waliokwisha kushiba."

"Ninajua," akasema. "Nilimuona juzi sokoni, alinisalimia vizuri. Amenenepa."

"Sasa unangoja nini?"

Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Mompere ndiye aliyeacha kazi katikati. Ninangoja aimalize." Kisha akaniuliza kama mutu anayeuliza habari ya mvua: "Anakula?"

"Anakula kidogo."

"Muambie mupishi asimutilie maharagwe jioni. Yanamusumbua."

Na huko misioni, kila siku ya Mungu nikimuvua Padri nguo zake, aliniuliza, "Gaspari alikuja?" Na macho anayo, alimuona kutoka altare. Ninajibu, "Alikuja, Mompere." Kisha anasema: "Nilisikia mutu anakohoa nyuma. Ni yeye?" Ninasema ndiyo, ni upepo wa ziwa. Siku moja alinipa chupa ya dawa ya kifua, akasema nimupelekee mugonjwa yeyote nitakayemuona Kituku. Mugonjwa yeyote. Nilimupelekea Gaspari, akaipokea kwa mikono miwili, akauliza, "Alitaja jina langu?" Sikuweza kudanganya. Aliiweka dirishani, hakuifungua mupaka Mama Veronika alipomulazimisha.

Nilisema na wote wawili, kila mutu kwa wakati wake. Kwa Padri nilisema, "Mompere, umuite tu." Akanijibu kwamba mukubwa akianza kuomba radhi kwa watu wake, kesho hakuna atakayemusikia. Kwa Gaspari nilisema, "Muzee, umuendee tu." Akasema, "Nikienda, wale waliopitwa nitawaambia nini?" Kila mumoja alikuwa na sababu nzuri. Hilo ndilo linalonichoma mupaka leo. Hakuna aliyekuwa mujinga, hakuna aliyekuwa mubaya, na miaka ilipita.

Mwisho Askofu alimuhamisha Padri Alfonsi, alikuwa amezeeka na parokia haikuwa tena parokia. Sisi tukawa tawi la mujini, padri kijana mweusi wa kwetu akawa anakuja mara moja moja. Huyo alimurudishia Gaspari kazi na heshima yake, akamupa na komunyo. Gaspari aliipokea, akafundisha watoto wachache waliobaki mupaka nguvu zilipomuisha. Habari ya kufa kwa Padri Alfonsi huko Bulaya ilitufikia kwa kuchelewa, na Gaspari alivaa koti lake jeusi siku ile nzima, ijapokuwa haikuwa siku ya Mungu. Lakini mambo hayo yalikuja nyuma. Ninachotaka mujue ni asubuhi ile Padri alipoondoka.

Masanduku yake yalikuwa yamekwisha kupakiwa katika kamyo. Meli ya kwenda Bukavu ilikuwa inamungoja bandarini mujini. Nilimutengenezea kahawa, akaiacha mezani. "Ninafika mahali," akaniambia, akapanda karibu na dreva, kamyo ikashika barabara. Nikafikiri atarudi kufunga kanisa na kutubariki, kwa sababu hakuniaga.

Hazikupita dakika nyingi, nikamuona Gaspari anatokea nyuma ya shule, ana koti lake jeusi, viatu vimejaa mutope. Alikuwa amepita njia ya chini, ile ya ukingo wa ziwa, yenye miiba na mawe makali.

"Yuko?" akauliza.

"Ametoka kidogo, Muzee," nikamujibu. "Anarudi. Ona, kahawa yake hii."

"Kwa nini umepita chini?" nikamuuliza tena. "Barabara ni kavu."

"Sikutaka watu wanione ninamuendea," akasema. Alicheka kidogo kwa aibu.

Tulikaa kwenye benchi ya sakristia. Alisafisha viatu kwa jani la mugomba. Alijaribu maneno yake chini chini, mimi nikajifanya sisikii. Kahawa ikapoa, ikashika ngozi juu. Kisha tukasikia kutoka upande wa mujini mulio murefu wa meli, na hatukutazamana.

Nilimusindikiza mupaka Kituku, kwa barabara. Mama Veronika alikuwa amesimama mulangoni, ana kikombe mukononi. Mama yule alikuwa na moyo mugumu juu ya Padri kuliko mumewe, lakini siku ile uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ulikuwa wapi?" akasema. "Padri alikuwa hapa."

Gaspari alishika muti wa mulango.

"Kamyo ilisimama hapo juu, akashuka kwa miguu," mama akaendelea. "Akauliza, Gaspari iko wapi? Nikamuambia, amekwenda kwako. Akacheka, akasema, kwangu? Akaomba kukungoja. Nilimupa kiti chako. Nilimupa maji. Dreva alipiga honi na kupiga honi, yeye ananyanyua mukono tu, anasema, kidogo, kidogo. Mupaka dreva alishuka mwenyewe kumushika mukono."

"Hakuacha neno?"

"Alisema, muambie nilikuja mimi mwenyewe. Na kwamba alitaka kurudi nyuma. Sikuelewa. Kurudi wapi, na meli inamungoja?"

Gaspari aliachilia muti wa mulango. Alitembea mupaka kwenye maji, akasimama kati ya mitumbwi. Meli ilikuwa imekwisha kutoka, tuliiona ndogo, moshi wake umelala juu ya ziwa. Wavuvi walimusalimia, hakuwasikia. Nilisimama nyuma yake, sina neno, mimi niliyekuwa na maneno kwa wote wawili miaka yote ile. Aliitazama mupaka ilipojificha nyuma ya rasi. Ndipo alipoangalia viatu vyake.

"Ningepita barabara," akasema.